Lebo ya akili unde itaje mtu, si mashine pekee

Kuna swali ambalo wahariri wa magazeti kote ulimwenguni wanalijadili siku hizi, aghalabu milango ikiwa imefungwa: je, msomaji aambiwe kwamba habari anayoisoma imetungwa kwa akili unde? Na akiambiwa, aambiwe kwa maneno gani? Swali la kwanza limejadiliwa sana na wataalamu wa maadili, mawakili na mafundi wa kompyuta. La pili limeachwa njiani, ilhali ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha.

Katika makala haya ninadai kwamba lebo nyingi zinazobandikwa kwenye habari za aina hiyo zina kasoro ya kisarufi kabla hata hatujaifikia kasoro ya kimaadili. Zinakitaja chombo na kumficha mtu. Msomaji anaposita kuiamini habari yenye lebo kama hiyo, wengi husema kwamba anaiogopa mashine. Mimi nasema anauliza swali la haki kabisa: mwenye maneno haya ni nani?

Tafiti zasema nini?

Tuanze na yale yanayojulikana. Mwaka 2023, Benjamin Toff wa Chuo Kikuu cha Minnesota na Felix Simon wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio nchini Marekani. Waliwapa watu habari wazisome. Baadhi yao waliambiwa kuwa habari hizo zimetungwa na akili unde, wengine hawakuambiwa. Matokeo yalikuwa ya kushangaza kidogo. Waliosoma habari zenye lebo hawakuziona kuwa na makosa zaidi wala upendeleo zaidi. Hata hivyo, walipoulizwa kuhusu kuziamini, imani ilishuka. Yaani habari ni ileile, usahihi wake hautiliwi shaka, lakini moyo wa msomaji umerudi nyuma.

Ajabu kubwa zaidi ni kuhusu waliorudi nyuma. Imani ilishuka hasa miongoni mwa watu waliokuwa wakiviamini vyombo vya habari tangu mwanzo, na wale walioelewa vizuri jinsi kazi ya uanahabari inavyofanywa. Msomaji asiyeamini chochote hana cha kupoteza. Anayeumia ni yule mwaminifu, anayenunua gazeti lake kila siku na anayejua tofauti ya mwandishi, mhariri na mpiga chapa. Lakini watafiti hao waligundua jambo jingine lenye heri: lebo ilipoambatishwa na orodha ya vyanzo vilivyotumiwa kutunga habari, athari hiyo mbaya ilipungua kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2024, Sacha Altay na Fabrizio Gilardi wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 4,976 wa Marekani na Uingereza. Wao walishughulikia vichwa vya habari. Waliona kwamba kichwa kikibandikwa lebo ya akili unde, watu hukiona si sahihi sana na hawawi wepesi wa kukisambaza. Haikujalisha kama kichwa chenyewe kilikuwa cha kweli au cha uongo, wala kama kiliandikwa na mtu au na mashine. Lebo ilikata kotekote kama panga la kipofu. Watafiti walipochunguza sababu, waliiona katika neno lenyewe: msomaji akiona 'akili unde', anadhani kazi yote imefanywa na mashine bila jicho la binadamu. Walipoelezwa kwamba mashine ilisaidia kidogo tu, hawakuwa na wasiwasi huo.

Wanaofuatilia ripoti ya kila mwaka ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali watakumbuka kwamba mwaka 2024 asilimia 36 ya waliohojiwa walisema hawana tatizo na habari zilizoandikwa na binadamu kwa msaada wa akili unde. Ulipogeuza mpangilio, mashine ikawa mwandishi mkuu na binadamu msimamizi, asilimia hiyo ilishuka hadi 19. Wasomaji, kwa hivyo, wanapambanua. Wanajua tofauti kati ya mtu aliyeshika chombo na chombo kilichoachiwa kazi. Lebo zetu ndizo zisizopambanua.

Kati ya 'na' na 'kwa'

Hebu sasa turejee sarufi tuliyofundishwa shuleni. Tunasema: 'Mti umekatwa na Juma kwa shoka.' Katika sentensi hii ya kauli ya kutendwa, 'na' hutanguliza mtenda. 'Kwa' hutanguliza ala, ambayo walimu wa sekondari huiita kitumizi. Mtahiniwa akiandika kwamba mti umekatwa na shoka kwa Juma, hatapata hata nusu alama, na mwalimu atamcheka.

Lakini hivyo ndivyo tunavyofanya tunapoandika: 'Habari hii imeandikwa na akili unde.' Tumelichukua shoka tukalipa nafasi ya Juma. Juma mwenyewe tumemtoa katika sentensi. Amekwenda wapi? Nani aliyeiamuru mashine iandike? Nani aliyeipa taarifa za kutumia? Nani aliyesoma ilichoandika akasema sawa, ichapishwe? Watu hao wapo, wanalipwa mishahara, wana madawati na simu. Sarufi ya lebo ndiyo iliyowafuta.

Kuna atakayenipinga kwamba 'na' haitumiki kwa watu pekee. Ni kweli. Twasema paa limeezuliwa na upepo, mimea imekaushwa na jua, mtoto ameumwa na nyoka. Lakini tazama ni mambo ya aina gani yanayoingia katika nafasi hiyo: ni nguvu za maumbile na viumbe tusioweza kuwawajibisha. Hakuna aliyewahi kuupeleka upepo mahakamani, na Baraza la Vyombo vya Habari halina fomu ya kumshtaki nyoka. Tukisema habari imeandikwa na akili unde, tunaifanya mashine kuwa kama upepo. Ikitokea makosa, basi, ni shauri ya Mungu.

Desturi ya magazeti yetu ya Kiswahili imekuwa kinyume cha hayo. Jina la mwandishi hutanguliwa na neno moja fupi, 'Na'. Hilo ndilo neno la kwanza katika taarifa, hata kabla ya kujua nini kimetokea Bungeni au uwanjani. Habari ya nje iliyokusanywa kutoka mashirika ya habari huandikwa 'Na Mashirika'. Ikiwa jina limefichwa kwa sababu za usalama au za kazi, huandikwa 'Na Mwandishi Wetu', na neno 'wetu' hapo si pambo: gazeti linasema huyu ni wetu, mkiwa na neno njooni kwetu. Ikiwa taarifa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, mfasiri hutajwa. Hata watunzi wa tendi za kale za pwani, aghalabu, walifunga tungo zao kwa kutaja jina, tarehe na idadi ya beti, ili atakayenakili baadaye asiongeze wala kupunguza bila kujulikana. Kutaja mwenye maneno si jambo tulilofundishwa jana na watafiti wa Ulaya.

Waliofaulu na waliofeli

Nitoe mifano mitatu ya Marekani, kwa kuwa ndiko mambo haya yalikoanzia na ndiko yalikohifadhiwa vizuri katika kumbukumbu za umma.

Mnamo Machi 17, 2014, tetemeko la ardhi lilitokea Los Angeles alfajiri. Dakika tatu hivi baadaye, gazeti la Los Angeles Times lilikuwa na taarifa fupi kwenye tovuti yake. Iliandikwa na programu iitwayo Quakebot, iliyokuwa imeundwa na mwanahabari Ken Schwencke. Taarifa ilibeba jina lake. Mwishoni ilielezwa kwamba data imetoka kwa idara ya serikali inayochunguza matetemeko, na kwamba maandishi yametokana na programu aliyoiandika mwandishi mwenyewe. Tazama ukamilifu wake: kuna 'na', kuna 'kwa', kuna chanzo. Mambo matatu katika mistari miwili.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2017, programu hiyohiyo ilitangaza tetemeko kubwa la kipimo cha 6.8 karibu na Santa Barbara. Tetemeko lilikuwa la kweli, ila lilitokea mwaka 1925. Idara ya serikali ilikuwa ikisahihisha rekodi zake za kale, na tarehe ikasomeka 2025. Gazeti liliifuta taarifa na kueleza kilichotokea. Kosa lilifuatiliwa hadi chimbuko lake kwa sababu njia ilikuwa wazi tangu awali: data inatoka wapi, inapitia programu gani, na nani anasimama nyuma yake. Sisemi kwamba lebo nzuri huzuia makosa. Nasema inayafanya makosa yaweze kusahihishwa na mtu anayejulikana.

Mfano wa pili ni wa tovuti ya CNET. Kuanzia mwishoni mwa 2022 ilichapisha makala 77 za masuala ya fedha zilizotungwa kwa mashine, chini ya jina la jumla la kikosi cha wafanyakazi. Lebo ilikuwapo, lakini msomaji hakuiona mpaka abonyeze jina hilo. Akibonyeza, aliambiwa kwamba makala imetolewa kwa teknolojia ya kujiendesha na kwamba imehaririwa na kuhakikiwa kwa kina na mhariri. Mhariri gani? Lebo yenyewe haikumtaja. Mwezi Januari 2023 mambo yalipofichuliwa na CNET ikafanya ukaguzi, makala 41 kati ya hizo 77 zilihitaji marekebisho. Moja ilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 katika akaunti yenye riba ya asilimia 3, utapata faida ya dola 10,300 mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Faida halisi ni dola 300. Mtoto wa darasa la saba angeligundua kosa hilo. Mhariri ambaye lebo haikumtaja hakuligundua, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba lebo haikuliweka jina lake hatarini.

Mfano wa tatu unaniuma zaidi kwa kuwa nimeishi kwa kusoma na kufundisha vitabu. Mei 18, 2025, gazeti la Chicago Sun-Times lilisambaza toleo maalumu la kurasa 64 lililotoka kwa kampuni nyingine. Ndani yake mlikuwamo orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo. Vitabu 10 havikuwapo duniani. Waandishi walikuwa wa kweli, watu wenye heshima kama Isabel Allende, lakini walibandikwa riwaya ambazo hawakuziandika, pamoja na muhtasari wake mtamu. Aliyeiandaa orodha alikiri kwamba alitumia akili unde na hakuhakiki. Ukurasa wenyewe haukuwa na lebo ya mashine wala jina la mtu: 'na' haikuwapo, na 'kwa' haikuwapo. Mkutubi aliyeombwa vitabu hivyo na wateja wake angepekua rafu hadi lini?

Kipya kinyemi

Kuna hoja kwamba lebo, hata ikishusha imani, huvuta macho. Hoja hii ina ushahidi. Gilardi na wenzake waliwahoji watu 599 katika eneo la Uswisi linalozungumza Kijerumani. Kabla ya kuambiwa lolote, wasomaji waliona habari za mashine na za binadamu kuwa na ubora sawa. Baada ya kuambiwa kwamba walichosoma kimetungwa kwa akili unde au kwa msaada wake, walionyesha hamu kubwa zaidi ya kuendelea kusoma taarifa hiyo kuliko wale waliosoma habari ya binadamu. Lakini walipoulizwa kama wangependa kusoma habari za aina hiyo siku za usoni, hamu haikuongezeka.

Wahenga walishayasema haya: kipya kinyemi ingawa kidonda. Msomaji aliyeendelea kusoma alikuwa akiitazama mashine, kama watu wanaosimama kumtazama mwanasarakasi pale uwanjani. Akishamaliza, anakwenda zake kununua mboga. Mhariri anayehesabu mibonyezo ya siku ya kwanza na kudhani amepata wasomaji atajuta mwezi wa tatu. Nadhari na imani ni vitu viwili tofauti. Nadhari inaweza kutekwa kwa ngoma. Imani hujengwa na mtu anayerudi kesho kwa jina lilelile.

Isitoshe, lebo ina athari kwa zile habari zisizo na lebo. Utafiti wa Gordon Pennycook na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu alama za onyo kwenye vichwa vya habari za uongo. Walionyesha kwamba baadhi ya vichwa vikiwekewa onyo, vile visivyowekewa huanza kuonekana vya kweli zaidi, hata kama ni vya uongo. Sasa lete fikra hiyo hapa kwetu. Msimu wa uchaguzi Kenya huja na kurasa bandia za mbele za magazeti, zilizotengenezwa kwa ustadi zikasambazwa kwenye WhatsApp, na magazeti halisi hulazimika kuzikana hadharani. Mtengenezaji wa kurasa hizo hatabandika lebo yoyote. Tukimzoesha msomaji kuamini kwamba kisicho na lebo ni salama, tutakuwa tumemwandalia mwongo kiti cha mbele.

Kwa sababu hizo, wapo wahariri wanaosema heri kunyamaza. Eti lebo humwadhibu mkweli na kumzawadia mnyamavu. Naielewa hofu yao, lakini siikubali. Kwanza, siri hii haikai. Kilichofichwa CNET kilifichuliwa na wanahabari wa tovuti nyingine, na fedheha ikawa kubwa kuliko lebo yoyote. Pili, tumeona kwamba imani ilishuka pale lebo ilipoitaja mashine peke yake, na ikashikilia vizuri zaidi pale vyanzo vilipoorodheshwa. Kwa hiyo dawa ni kusema zaidi.

Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu akili unde imeligusa suala hili. Inataka maandishi ya mashine yanayochapishwa kuujulisha umma mambo yenye maslahi kwa umma yatambulishwe hivyo. Lakini inatoa msamaha pale maandishi yamepitiwa na binadamu na kuna mtu au taasisi iliyobeba jukumu la uhariri. Watunga sheria hao wametambua kwamba anayetafutwa ni mwenye jukumu. Walipokosea, kwa mtazamo wangu, ni kuruhusu 'kwa' iachwe mara tu 'na' inapopatikana. Msomaji anastahili zote mbili.

Je, lugha yetu?

Majaribio yote niliyoyataja yalifanywa kwa lugha za Ulaya. Kenya imo katika ripoti ya Taasisi ya Reuters, lakini wanaohojiwa ni watumiaji wa intaneti wanaojua Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili wa Taveta au wa Lodwar, anayesoma gazeti moja na watu sita kwenye kinyozi, hayumo. Hatuwezi kuchukua asilimia za Zurich na kuzimwagia Taveta kama mvua. Idara zetu za Kiswahili na za uanahabari zina kazi hapa, na wanafunzi wa uzamili wanaolalamika kwamba mada za utafiti zimekwisha wasiniambie hivyo tena.

Tukianza kazi hiyo, kikwazo cha kwanza kitakuwa istilahi. Hapa Kenya wengi tunasema akili unde. Tanzania wanasema akili mnemba. Vituo kadhaa vya utangazaji vya kimataifa vimezoea akili bandia. Katika mhadhara wa chuo kikuu tofauti hizi ni jambo la kupendeza. Katika lebo ya gazeti zina uzito mwingine kabisa. Mwalimu mstaafu ninayemheshimu, msomaji wa magazeti kwa zaidi ya miaka arobaini, aliniuliza juzi: "Mwalimu, hii akili bandia ndiyo nduguye noti bandia?" Nilimjibu kwamba si nduguye. Akacheka: "Basi mbona mmewapa jina moja la ukoo?"

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Noti bandia, dawa bandia, cheti bandia, mbegu bandia: katika maisha ya Mkenya, 'bandia' ni neno la hasara na la polisi. Gazeti likiandika 'habari hii imetungwa kwa akili bandia', msomaji anasikia kwamba habari yenyewe ni bandia. Kabla hajasoma sentensi ya kwanza, hukumu imeshatolewa. Ikiwa huko Marekani na Uingereza, ambako jina lenyewe halina mzigo wa noti na vyeti, lebo hushusha imani, hapa neno 'bandia' litafanya nini? Kwa lebo za magazeti, napendekeza 'unde'. Linatokana na kuunda, kama fundi aundavyo jahazi, na lina faida ya ziada: kilichoundwa kina muundaji. Msomaji akiliona atauliza, kimeundwa na nani? Hilo ndilo swali tunalotaka aulize. 'Mnemba' nalo sina ugomvi nalo, ila kwa masikio mengi ya huku bado ni geni.

Kikwazo cha pili ni tafsiri. Kwa Kiswahili, mashine inaingia chumba cha habari kwa mlango wa tafsiri zaidi kuliko mlango wa utunzi. Taarifa ya Kiingereza inaingizwa, ya Kiswahili inatoka, na kazi ya saa moja inaisha kwa dakika. Si vibaya. Lakini kila mfasiri anajua mitego iliyopo. Neno la Kiingereza la mswada wa Bungeni ndilo hilohilo la bili ya umeme. Neno la chama cha siasa ndilo la karamu. Neno la kiranja wa chama Bungeni ndilo la mjeledi. Mashine isiyosimamiwa inaweza kutupa 'mjeledi wa karamu' aliyepinga 'bili ya fedha', na mkulima anayetaka kujua kama ushuru wa mbolea utapanda asiambulie kitu. Ubaya zaidi ni pale sentensi inapotoka laini, ngeli zote zikiwa sawa, na maana ikiwa imepinduka. Ufasaha huo ndio unaohitaji jicho la mtu anayejua Kiswahili na anayejua Bunge, mwenye jina na dawati.

Hapa ndipo lilipo jambo linalonitia wasiwasi hasa. Wanahabari wa Kiswahili wa mashinani, wengi wao wakiwa wanafunzi wetu wa jana, hulipwa kwa idadi ya habari zinazochapishwa. Mwenye gazeti akiona kwamba mashine inatafsiri bure habari za Kiingereza zilizoandikwa Nairobi, atauliza: kwani huyu wa Garissa ni wa nini? Lebo isiyotaja mtu humrahisishia kuuliza hivyo, kwa sababu imeshamzoesha msomaji kwamba habari inaweza kuwapo bila mtu. Lakini mashine haijawahi kufika kwenye mkutano wa chifu. Haijawahi kumuuliza mama aliyebomolewa kibanda jina lake linaandikwaje. Inachokijua kuhusu Garissa ni kile ambacho mtu alikwisha kukiandika.

Lebo ninayopendekeza

Nisije nikaambiwa nimekosoa bila kujenga, natoa pendekezo. Lebo ya habari iliyotumia akili unde iwe na mambo manne: mtu, kazi ya mashine, chanzo, na mhakiki. Kwa mfano: 'Na fulani, Garissa. Imetafsiriwa kwa akili unde kutoka Kiingereza. Chanzo: taarifa ya Wizara ya Kilimo na mahojiano na wakulima watatu. Imehakikiwa na fulani.' Ikiwa mashine ilisahihisha tahajia tu, isemwe kwamba ilisahihisha tahajia. Ikiwa iliandika rasimu yote, isemwe hivyo pia. Vitenzi vya Kiswahili vinatosha: kutafsiri, kufupisha, kusahihisha, kupanga takwimu, kuandika rasimu. Hatuna haja ya kujificha nyuma ya 'kwa usaidizi wa teknolojia', maneno ambayo yanaweza kumaanisha hata kalamu.

Lebo hiyo iwekwe juu, pale panapokaa jina la mwandishi, kwa herufi zinazosomeka bila miwani ya pili. Isiwekwe chini ya ukurasa wala nyuma ya kitu cha kubonyeza. Na Baraza la Vyombo vya Habari likae pamoja na wahariri wa Kiswahili na CHAKITA wakubaliane istilahi moja ya kutumiwa magazetini na redioni, kabla kila chumba cha habari hakijajibunia yake.

Watakaosema kwamba lebo ya mistari mitatu ni ndefu mno wakumbuke kwamba tangazo la kamari kwenye ukurasa huohuo hupewa nusu ukurasa. Mistari mitatu ya kumwambia msomaji nani wa kumpigia simu akiona kosa si mingi.

Mwandishi ni profesa wa isimu na fasihi ya Kiswahili.